Muziki Ndani ya Gari: Wati Nyingi Zinamuumiza Nani?

Gari la abiria lisilo na muziki siku hizi ni nadra kulikuta. Kuanzia basi kubwa liendalo mikoani mpaka Hiace inayobeba watu na magunia kutoka gulioni, kila moja lina redio, amplifaya na spika zake. Wenye magari hushindana. Huyu akifunga sabufa moja, mwenzake anafunga mbili. Kondakta naye hujisifu kwa abiria kwamba gari lao lina wati elfu moja, kama vile mfugaji ajisifiavyo ng'ombe.

Msomaji anaweza kuuliza, je, jambo hili limeingiaje katika safu ya afya? Tumezoea kuzungumzia choo, maji ya kunywa, chandarua na chakula cha mtoto. Jibu ni kwamba sikio nalo ni kiungo cha mwili, na likishaharibiwa na kelele hakuna sindano wala kidonge cha kulirudisha. Tena wanaoharibikiwa zaidi ni vijana wetu wanaofanya kazi katika magari hayo. Abiria hushuka baada ya saa moja au mbili. Dereva na kondakta wanabaki na muziki ule ule kuanzia alfajiri mpaka usiku, siku sita au saba kwa juma.

Maoni yangu nitayasema mapema ili tusipotezeane wakati. Sipingi muziki ndani ya gari. Safari ndefu bila muziki inachosha, na dereva hupata usingizi. Ninachopinga ni desturi ya kununua wati kwa ajili ya kelele, halafu kuzifunga kwa nyaya duni na betri iliyochoka. Mwenye gari akichagua vifaa kwa akili, atapata muziki mzuri kuliko jirani yake, atatumia fedha kidogo, na kondakta wake atafika umri wa miaka arobaini akiwa bado anasikia.

SIKIO LINAVYOFANYA KAZI

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa kama koa la konokono. Humo mna maji, na ndani ya maji hayo kuna chembe hai zipatazo elfu kumi na tano zenye vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinywele huinama kama mpunga katika upepo, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Upepo wa kiasi huuinamisha mpunga nao huinuka tena. Tufani ikipiga kila siku, mpunga hulala chini. Tofauti ni kwamba mpunga hupandwa upya msimu ujao, lakini chembe hizi za binadamu zikifa hazioti tena.

Dalili ya kwanza wengi waliofanya kazi katika magari wanaijua. Ukishuka garini usiku, masikio yana mlio kama wa nyenje na watu wanaongea kana kwamba wako mbali. Asubuhi hali imerudi kuwa nzuri, na kijana anasema hakuna neno. Lakini jambo hilo likirudiwa mwezi baada ya mwezi, inafika asubuhi moja ambapo nyenje hawanyamazi.

Upungufu huu huanza na sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba anaitwa ila haelewi anaambiwa nini, kwa sababu herufi kama s, sh na f ndizo zinazopotea kwanza. "Shika" na "fika" kwake huwa neno moja. Sauti za watoto na za wanawake zinamsumbua kuliko za wanaume. Abiria anasema "shusha hapo," kondakta anauliza mara tatu, abiria anakasirika, na ugomvi unaanza. Watu husema kijana yule ana kiburi. Huenda hana kiburi hata kidogo.

HESABU YA KELELE

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Hesabu yake si sawa na ya kilo za mahindi. Ikiongezeka desibeli tatu tu, nguvu ya sauti inayolipiga sikio imekuwa maradufu. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayochunguza afya na usalama kazini, iitwayo NIOSH, ilishauri kwamba mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Zikifika 88, saa hizo hupungua kuwa nne. Kwa desibeli 91 ni saa mbili, kwa 94 ni saa moja, na zikifika 100 ni robo saa tu. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linashauri wasikilizaji wa muziki wasizidi desibeli 80 kwa jumla ya saa arobaini kwa juma.

Kijijini hatuna kipimo cha desibeli, ingawa simu nyingi za kisasa huweza kuwekewa programu ya kupima kwa kukadiria. Njia rahisi ni hii. Kaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako, mkizungumza kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, basi kelele hiyo yaelekea imefika desibeli 85 au kuzidi. Jaribio hili halina gharama, na abiria yeyote anaweza kulifanya akiwa kwenye kiti chake.

Sasa tuzitazame wati. Spika nzuri huandikwa kwenye karatasi yake kwamba ikipewa wati moja, basi mtu aliye mita moja mbele yake atapata desibeli fulani. Spika nyingi za gari huwa karibu na desibeli 90. Msomaji na asome tena sentensi hiyo. Kwa wati moja tu, spika ya gari iliyo karibu nawe imekwisha kupita kile kiwango cha saa nane. Ukiipa wati ishirini, hesabu inafika desibeli 103 hivi, ambazo sikio halifai kukaa nazo hata kwa robo saa. Je, wati elfu moja ndani ya Hiace ni za nini?

Haki itendeke, kuna sababu ya kununua amplifaya yenye nguvu kuliko wati moja. Muziki haupigi kwa usawa. Ngoma inapodunda, inahitaji kwa kitambo kifupi nguvu mara kumi au zaidi ya ile ya wastani. Amplifaya isiyo na akiba hukata vilele vya sauti, na muziki ukikatwa huwa na mikwaruzo. Kwa hiyo amplifaya ya wati 40 au 50 za kweli kwa kila spika, ikipigwa kwa utulivu, inatoa muziki safi kuliko kiredio kinachokamuliwa mpaka mwisho. Akiba hiyo ni ya kuwekwa, kama chakula cha ghalani. Ubaya unaanza pale mtu anapoona akiba na kuila yote siku moja.

NAMNA YA KUCHAGUA

Mnunuzi asidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo mara nyingi ni ya kilele cha kufumba na kufumbua. Tafuta kwenye karatasi herufi RMS, kwani hizo ndizo wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa kwa kudumu. Redio ya gari iliyoandikwa wati 50 mara nne, kwa kweli hutoa kama 15 mpaka 20 kwa kila spika. Haiwezi kutoa zaidi, kwa kuwa umeme wa gari dogo ni wa volti 12, unaopanda kufika 14 hivi injini ikinguruma.

Tazama pia ile namba ya desibeli ya spika. Spika ya desibeli 93 ikipewa wati 25 hutoa sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati 50. Maana yake, anayenunua spika nzuri amepata amplifaya ya pili bila kuilipia, na betri yake inapumzika. Wafanyabiashara wengi hawapendi kulisema jambo hili, kwa sababu namba kubwa ya wati huuzika haraka kuliko maelezo.

Kwenye basi kubwa ni afadhali spika ndogo nyingi zilizopangwa kuanzia mbele hadi nyuma, kila moja ikiongea polepole na abiria walio chini yake. Desturi ya kuweka masanduku mawili makubwa nyuma ina hasara. Ili wa mbele asikie, wa nyuma ni lazima aumizwe, na kiti cha nyuma ndicho mara nyingi anachopewa mama mwenye mtoto mchanga aliyepanda mwisho. Mtoto huyo hawezi kusema masikio yanamuuma. Atalia tu, na watu watasema ana njaa.

Kuhusu spika kuunganishwa mbili pamoja, fundi aangalie omu. Spika nyingi za gari ni za omu 4. Mbili zikiungwa sambamba kwenye njia moja huwa omu 2, na amplifaya isiyotengenezwa kwa omu 2 itachemka na kuungua.

UMEME WAKE

Hapa ndipo magari mengi yanapoharibikiwa. Tuseme umefunga amplifaya ya spika nne, wati 50 kwa kila moja, jumla 200. Amplifaya za aina ya zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kuwa joto, kwa hiyo zikipigwa mpaka mwisho hunyonya ampia zikaribiazo 30. Aina mpya, zile zinazoitwa daraja la D, hazipotezi sana, na zingenyonya ampia 18 hivi kwa kazi hiyo hiyo. Kwa gari la kijijini ambalo altaneta yake ni ndogo na betri yake imezeeka, nashauri hii ya pili, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Ampia 30 si mchezo. Waya wa redio ya zamani hauwezi kuzibeba. Kwa mita tano kutoka kwenye betri hadi nyuma ya gari unafaa waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ikiwa ndani ni mweupe, ujue ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kwa shida zaidi. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule mwekundu, ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi nusu mita. Wengi huiweka karibu na amplifaya wakidhani inailinda amplifaya. Kazi ya fyuzi hiyo ni kulinda waya, na kupitia waya, watu waliomo garini. Waya ukikwaruzwa na bati mahali popote kati ya betri na fyuzi, hakuna cha kuuzima, nao hugeuka kuwa mkaa chini ya miguu ya abiria. Penye tundu la bati pawekwe mpira. Na ile tabia ya kufunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyokatika ningependa iitwe kwa jina lake, nalo ni kuchezea moto ndani ya gari lenye watu.

Umeme hafifu unaumiza masikio pia, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Volti zikishuka, amplifaya haina nguvu ya kufikisha vilele, nayo huvikata. Sauti inakwaruza, maneno ya wimbo hayasikiki vizuri. Kondakta anadhani muziki ni mdogo, anaongeza. Mikwaruzo inazidi, zile spika ndogo za sauti nyembamba zinaungua, na yeye anaongeza tena ili kufidia. Mwisho wa mwaka mwenye gari ananunua amplifaya kubwa zaidi, akaifunge kwenye waya ule ule.

Malori na mabasi mengi makubwa yana umeme wa volti 24 unaotoka katika betri mbili zilizofuatana. Amplifaya ya gari hutaka volti 12. Fundi mvivu hukata njia kwa kuchukua umeme kwenye betri moja peke yake. Matokeo yake betri hiyo inakuwa na njaa wakati wote, na mwenzake inalishwa kupita kiasi mpaka inachemka na kutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye ampia za kutosha. Tindikali ya betri ikimrukia mtu jichoni, aoshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 15, halafu apelekwe zahanati. Asipakwe kitu chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, betri ya ziada ya kawaida isiwekwe chini ya kiti cha abiria.

Wale wanaopiga muziki kwenye harusi au mnadani huku injini imezimwa wakumbuke hesabu hii. Betri ya ampia-saa 70 ikitoa ampia 20 haitafika hata saa mbili kabla ya kushuka nusu, na baada ya hapo kuwasha gari ni kusukuma.

NANI AWAJIBIKE

Baadhi ya watu husema muziki upigwe marufuku katika magari yote. Sikubaliani nao. Amri ya namna hiyo ingedumu juma moja. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa mwaka 2015. Lakini askari hayuko ndani ya kila Hiace, na abiria mmoja akilalamika huambiwa ashuke apande teksi.

Mwenye uwezo ni mwenye gari. Yeye ndiye anayepokea hesabu jioni, na yeye ndiye anayenunua amplifaya. Kwenye amplifaya kuna kirekebishio kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi, mafundi hukiita geini. Mwenye gari akae kiti cha nyuma, injini ikiwa inanguruma, redio ifunguliwe mpaka mwisho, na geini ipunguzwe mpaka yeye na jirani yake waweze kuzungumza bila kupaza sauti. Hapo atie alama kwa rangi ya kucha, afunge kifuniko. Kondakta atazungusha kitufe cha redio apendavyo, sauti haitapita pale. Nafuu nyingine ni kwamba dereva atasikia honi, kengele ya baiskeli na mtu anayepiga kelele kwamba mlango haujafungwa.

Neno kwa magari ya matangazo, yale yenye vipaza sauti vya pembe juu ya paa. Vipaza hivyo hupita desibeli 100 kwa wati moja tu vikipimwa mita moja mbele yake, na mara nyingi hupewa hamsini. Watoto wetu hukimbia nyuma ya gari hilo kwa furaha, na likisimama sokoni huja kusimama chini ya pembe yenyewe. Walimu na wazazi wawafukuze hapo kama wanavyowafukuza kwenye kisima kisicho na kifuniko. Mtangazaji avae vizibo vya sponji masikioni. Pamba ya kawaida haitoshi.

Nao vijana wanaofanya kazi katika magari wakapimwe masikio kila mwaka katika hospitali yenye kipimo hicho. Kijana asiende kupimwa akitoka moja kwa moja safarini, kwani sikio lililochoka hutoa majibu yasiyo sahihi. Alale kwanza usiku mzima mbali na kelele, aende asubuhi kabla ya kuingia garini, na majibu ya mwaka huo ayatunze ili mwaka ujao daktari ayalinganishe na mapya.